Majina Chini ya Sufuria

Siku ya Alhamisi, saa za kutembelea wagonjwa, Maman Rukiya alimwomba mkwe wake kitu kimoja. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuombaomba, Mauwa aliacha kumpaka mafuta miguuni, akasikiliza.

"Mwanangu, siku yangu ikifika, nioshwe na watu wanaonijua."

"Mama, tuache hayo. Daktari amesema…"

"Daktari ni mtoto. Anasema vile walimfundisha. Wewe nisikilize. Hapa nimegeuzwa na mikono mingi. Ni watu wazuri, siwasemi vibaya. Yule msichana wa Guinée ananifunika mabega hata bila kumwomba. Lakini hawanijui. Mguu wangu huu hawaujui."

Mguu wa kulia ulikuwa na kovu refu kutoka goti hadi kifundo. Ukiligusa kwa nguvu, mzee alishtuka mwili mzima. Katika miaka minne ya kumwogesha, Mauwa alikuwa amejifunza kulipita kwa kiganja kilicholegea, bila kubonyeza.

"Siku hiyo sitaweza kusema 'polepole hapo'. Nani atasema?"

"Nitasema mimi, Mama."

"Wewe peke yako hutaweza kunigeuza. Mimi ni mzito." Maman Rukiya akacheka kidogo, halafu akashika mkono wa Mauwa wenye mafuta. "Tafuta wenzako."

"Nimekuahidi."

Alilisema neno hilo kama ambavyo angelisema Buyenzi, kule Bujumbura, ambako ahadi ya namna hiyo haikuhitaji kufikiriwa mara mbili. Ilikuwa ndani ya tramu, akirudi Saint-Gilles, mtaa wao wa Brussels, na mfuko wa nguo chafu mapajani, ndipo alipojiuliza: wenzake ni akina nani?

Alikuwa na mume, Karimu, aliyefanya kazi katika ghala la vyakula. Alikuwa na binti, Imani, wa miaka minane. Alikuwa na ofisi mbili za kusafisha alfajiri kabla wenye ofisi hawajafika, na huyu mzee wa kulisha mchana. Wanawake wa kwao aliwaona mara moja kwa mwaka, kwenye sikukuu ya chama cha waume zao, wote wakiwa na mikono ndani ya mchele.

*

Maman Rukiya alifariki Jumamosi, baada ya adhuhuri kidogo, mwezi wa pili mwaka 2009. Mwanawe alikuwa amemshika mkono. Muuguzi wa Guinée alifungua dirisha nusu, akawaletea kahawa ambayo hawakuinywa, akatoka bila kelele.

Kabla ya saa tisa Burhani alikuwa amefika nyumbani kwao. Burhani alikuwa katibu wa Ndugu wa Ziwa, chama cha wanaume sitini na wawili waliokulia kandokando ya ziwa Tanganyika, wengine upande wa Bujumbura, wengine upande wa Uvira. Waliitana ndugu, na kwa kweli walikuwa hivyo. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi walikutana katika ukumbi wa kukodi Koekelberg. Walikuwa na muhuri, na walikuwa na katiba ya kurasa kumi na nne waliyoiita statuts.

Burhani alipanda ghorofa tatu akiwa na faili kwapani, katoni ya maji begani na pakiti ya leso za karatasi mfukoni. Alimkumbatia Karimu kwa muda mrefu. Kisha akakaa, akavaa miwani.

"Bon. Kaburi, nimeshaongea nao. Gari iko tayari. Sala ni Jumatatu baada ya adhuhuri. Viti, Bertin analeta trente, thelathini nzima. Ndugu yangu, wewe lia tu. Hakuna kitu utatafuta."

"Na kuosha?" Mauwa aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Kuosha, hospitali imetupa chumba Jumatatu, saa nne mpaka saa sita." Burhani akafungua ukurasa. "Waoshaji tuko nao. Papa Amissi, Abdul-Aziz, na…"

Kalamu yake ilibaki hewani. Karimu aliangalia zulia.

Kwa miaka kumi Ndugu wa Ziwa walikuwa wamezika watu wanne, na wote walikuwa wanaume. Walikuwa wamewapeleka ndugu watatu kujifunza kuosha maiti, wakawapa hata vyeti. Hakuna aliyewaza kwamba mwanamke naye atakufa. Si kwamba hawakuwapenda mama zao. Statuts waliziandika zamani, wakiwa wapangaji wa vitanda vya ghorofa katika kituo cha wakimbizi, kila mmoja peke yake. Wake walikuja baadaye, mmoja mmoja, wakaletewa makoti kwenye uwanja wa ndege, na hakuna aliyerudi kufungua ule ukurasa.

"Ah, iko équipe ya msikitini," Burhani alisema, akifurahi kukumbuka. "Wamama wa Kimoroko. Wanafanya kazi safi kabisa. Nitawapigia leo."

"Hawamjui," Mauwa alisema.

"Comment?"

"Mama aliomba aoshwe na watu wanaomjua. Nilimuahidi. Nipe namba za bibi za membres wa chama, nitawapigia mimi mwenyewe."

Burhani hakukasirika. Alimgeuzia faili kwa heshima, akamwonyesha orodha kwa kidole. *Abdul-Aziz N. + madame + 3. Bertin M. + madame + 2. Burhani K. + madame.* Mauwa alishuka na orodha hadi akapafikia pao. *Karimu S. + madame + 1.*

"Hawa wanaitwa nani?"

"Nani?"

"Hawa madame."

Burhani alivua miwani. "Wote wana bwana zao, si ndiyo? Donc mimi nitaambia mabwana, mabwana wataambia bibi zao. Kesho mchana utakuwa na wanawake kumi hapa, mpaka utawafukuza. Usihangaike, madame Karimu."

*

Burhani aliutuma ujumbe jioni ile ile, mbele ya macho yao. *Msiba kwa ndugu Karimu, mama yake. Wanawake wanahitajika. Jumatatu saa nne hospitali.* Hakukuwa na kosa ndani yake.

Lakini mwanaume wa Ndugu wa Ziwa akisikia kwamba kwenye msiba wanahitajika wanawake, anachofikiria ni chakula. Na kwa kuwa wote walikijua chumba cha Karimu na udogo wake, na kwa kuwa walikuwa wanaume wanaojali, kila mmoja alimwambia mkewe maneno yanayofanana: wewe pika tu, baki na watoto, baridi ni kali, nitapeleka mwenyewe.

Jumapili saa sita kengele ililia. Mauwa alishuka mbio, kanga begani. Katikati ya ngazi alikuta Abdul-Aziz amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Pole sana, madame Karimu. Nyumba yenu hii iko ghorofa ya tatu ama iko mbinguni?"

"Karibu, papa. Mama yuko nyuma?"

"Nani? Ah, madame! Amebaki na watoto. Amesema pole sana."

Nyuma yake alikuja Bertin na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao. Nyuma ya Bertin, Burhani mwenyewe na pilau. Kufikia saa nane kulikuwa na sufuria kumi na moja jikoni, kwenye ngazi na juu ya mashine ya kufulia, na wanaume arobaini wakisoma na kula kwa zamu. Mathilde, Mbelgiji mzee wa ghorofa ya chini, alifungua mlango kuangalia kulikoni. Alipoambiwa, alimchukua Imani wakachore picha kwake, kisha akaleta viti vyake vyote vinne.

Mauwa alimvuta Karimu jikoni.

"Sufuria kumi na moja, Papa Imani. Mwanamke hata mmoja."

Karimu alijifuta uso. Hakuwa amelala tangu Ijumaa. "Tuache wale wa msikiti waje. Ni wanawake, ni Waislamu. Mungu hatatulaumu."

"Mungu, sawa. Na Mama je?"

"Unafikiri mimi sitaki?" Sauti yake ilipasuka, akaishusha upesi, maana wageni walikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. "Mimi mtoto wake, leo siruhusiwi hata kumvua soksi. Wewe unaniuliza mimi?"

Mlangoni mtu alikohoa. "Madame Karimu, samahani, iko sahani nyingine?"

"Iko," alisema Mauwa.

Alipakua. Alizoa mifupa. Alipokea pole nyingi za kweli kutoka kwa watu wasiojua jina lake. Alikuwa na hamu ya Buyenzi hadi ikamuuma kifuani kama pumzi iliyokatika. Kule, mtu akifa avenue ya kumi na mbili, wanawake wa avenue ya kumi na tatu wangeshaingia kabla hujamaliza kupiga ukelele wa kwanza. Hakuna aliyealikwa. Mmoja angenyang'anya ufagio, mwingine angekukalisha chini na kukufunga kanga kichwani kama mtoto, wa tatu angekuwa tayari anabishana na wanaume kuhusu maji. Hapa alikuwa na sufuria za watu waliompenda kwa mbali.

Saa kumi wageni walipungua. Mauwa alianza kuosha sufuria, maana sufuria ya mtu hairudishwi chafu. Alimwaga maji ya sufuria ya kwanza, akaipindua kichwa chini kusugua masizi.

Chini kabisa, juu ya weusi wa moto, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu ya kucha: JAMILA. Na baada ya jina, namba ya simu.

Mauwa alikaa juu ya ndoo.

Halafu akaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akijiziba mdomo kwa mkono wenye sabuni. Kila mwaka baada ya sikukuu, wanaume walibeba vyombo na kuvirudisha nyumba zisizokuwa za wenyewe, na kila mwaka wanawake walipotezana sufuria. Basi kila mmoja, kwake, kimya kimya, alikuwa ametafuta dawa yake.

Akapindua ya pili. YA EUPHRASIE, HII SI YAKO, na namba. Ya tatu ilikuwa na ua dogo la rangi ya waridi na maneno *Naïma ya Matonge*, na namba. Mbili zilikuwa na namba bila jina; nyingine zilikuwa na msalaba, herufi, au nukta tatu tu. Moja ilisema *mwizi utaungua*. Alizipindua zote kumi na moja, akaandika namba nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

*

"Allo?"

"Maman Jamila? Ni Mauwa."

"Mauwa gani?"

"Bibi ya…" Akasita. "Mkwe wa Maman Rukiya. Niko na sufuria yako."

"Ah! Hiyo irudi, mwanangu, hiyo ni ya ndoa yangu. Pole sana. Nilitaka kuja, Abdul-Aziz akasema chumba ni kidogo, nitabanana bure."

"Chumba ni kidogo kweli. Lakini sikuitii chumbani." Mauwa akamweleza yote.

Mtoto alilia upande wa pili, akanyamazishwa.

"Mara ya mwisho kuosha nilikuwa na shangazi yangu, Buyenzi," Jamila alisema. "Ni zamani. Mikono inaweza kuwa imesahau."

"Yangu haijawahi kujua."

"Basi utaangalia yangu. Umesema saa nne? Saa nne nitakuwa pale."

Euphrasie, mke wa Bertin, alipokea simu akiwa kazini, katika nyumba ya kulelea wazee. "Ma chère, Maman Rukiya njo alinifundisha kupika wali wa nazi hapa Ulaya! Lakini mimi niko mukristo. Hamutanikatalia?"

"Sijui, dada. Maman Jamila ndiye anayejua."

"Bon, tutaona. Lakini jua hii: niko aide-soignante sasa miaka saba. Kila asubuhi nageuza bantu banene kuliko Bertin, na hakuna mutu nimewahi kuangusha. Mukinikatalia, nitasimama ku mlango. Mulango si hauna dini?"

Wa tatu, Naïma, alikuwa mke wa Burhani mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka mmoja Brussels. Alisuka nywele katika saluni ya Matonge.

"Dada, mimi naogopa maiti," alinong'ona. "Burhani aliniambia nipike. Hakuniambia kingine."

"Mimi pia naogopa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Njoo usimame tu karibu na mimi."

"Siwezi, dada. Nisamehe."

Mauwa hakumlaumu. Alipiga namba nyingine mbili; moja ilikuwa imekufa, nyingine ilikuwa ya mwanamke aliye na mtoto wa wiki moja, aliyelia kwa sababu hawezi kuja. Baada ya robo saa simu yake ikaita.

"Dada, ni Naïma tena. Nywele zake, nani atafanya?"

"Sijui."

"Mimi ndiye nilikuwa namsuka, kila mwisho wa mwezi. Nyuma ya sikio la kushoto zimekatika, mtu akivuta… Nitakuja na kitana changu. Lakini sitaangalia uso."

*

Jumatatu, Burhani alikuwa wa kwanza kufika kwenye ukumbi mwembamba wa chini ya hospitali. Alikuwa na wanawake watatu wa Kimoroko, mmoja wao mzee sana, na begi lao la vifaa.

"Madame Karimu, équipe imefika. Nimeshasaini. Mnaweza kukaa hapa na…" Aliwaona Jamila na Euphrasie wakiteremka ngazi, Euphrasie na sare yake nyeupe chini ya koti. "Mamans, bonjour. Chakula kinapelekwa nyumbani, si hapa."

"Leo hatujabeba chakula, Burhani," alisema Jamila.

"Mais, tumeshapatana na hawa. Ni aibu kuwafukuza watu wa msikiti. Chumba ni saa mbili tu. Mkishindwa katikati, nani atajibu? Bureau ya chama itaniuliza mimi."

Hakuwa akisema uongo. Alikuwa na hofu ya kweli, ya mtu ambaye kila jambo likiharibika anaulizwa yeye. Mauwa alitaka kumjibu, lakini aligeuka kuangalia muda. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika tano. Akawaza kwamba atakubali, atashukuru, atakaa kwenye benchi, na nyuma ya mlango ule mkono mgeni utashuka kutoka kwenye goti.

Ndipo ngazi zikalia tena, na Naïma akatokea, macho mekundu, kitana kikiwa kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe.

"Naïma?" Burhani alisema. "Wewe unafanya nini hapa?"

"Ulituma ujumbe wanawake wanahitajika," alisema Naïma. "Nimekuja."

Yule mzee wa Kimoroko alikuwa hafahamu Kiswahili, lakini alikuwa akiwaangalia kwa makini. Aliuliza kwa Kifaransa chake kizito kama walimjua marehemu.

"Ni mama yetu," Mauwa alimjibu.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alifungua begi, akatoa kafuri iliyofungwa kwenye karatasi, glavu, aproni nne, akamwekea Jamila mikononi. Akamwonyesha kwa vidole mambo matatu, na Jamila akaitikia kila mara. Kisha mzee akarudi kwenye benchi, akawakalisha wenzake pia, akaweka tasbihi mapajani.

"Mkikwama, gongeni mlango," alisema. "Sisi tupo."

*

Ndani palikuwa na baridi, na taa nyeupe. Maman Rukiya alionekana mdogo kuliko alivyokuwa Alhamisi.

"Euphrasie," alisema Jamila, "kushika tutashika sisi. Wewe utatutilia maji kwenye ndoo, na utuambie namna ya kugeuza tusimuumize."

"Niko hapa," alisema Euphrasie, akaenda kusimama pembeni, karibu na bomba.

Walitandika kitambaa juu yake, wakafanya kazi chini ya kitambaa, kwa kugusa. Mwanzoni mikono ya Jamila ilisita, na midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu. Kisha mikono ikaanza kwenda mbele yake, yenyewe: kulia kwanza, halafu kushoto. Walipofika kumgeuza, walimvuta begani na mzee akabaki palepale.

"Hapana hivyo!" Euphrasie alisema. "Muvute shuka, si muntu. Goti mulipinde kwanza. Sasa bega na kiuno pamoja. Musikimbie, hakuna treni. Njo hivyo. Njo hivyo, ba mama."

Mwili ukageuka mzima, bila kishindo.

Jamila alishuka na maji kwenye mguu wa kulia.

"Polepole hapo," alisema Mauwa.

Aliyasema kwa sauti, na alipoyasikia alianza kulia. Jamila hakuuliza kwa nini. Mkono wake, ambao tayari ulikuwa taratibu, ulilegea zaidi, ukapita juu ya lile kovu kama unapita juu ya mtoto aliyelala.

Maji ya mwisho yalinukia kafuri. Naïma alikuwa amesimama ukutani muda wote, uso umeelekea vigae.

"Mwanangu," Jamila akamwita. "Nywele. Mafundo matatu."

Naïma alikuja nyuma nyuma hadi kichwani. Alipogusa nywele, vidole vyake vikatulia. Alichana upande wa kulia, akasuka. Alichana wa katikati. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto aliinama, na bila kujua akaanza kuongea kama alivyoongea saluni:

"Vumilia, Maman. Hapa ndipo palipokatika, ninapajua. Sivuti. Umeona? Sivuti." Alipomaliza fundo la tatu alikuwa akimwangalia usoni, na hakuondoa macho hadi walipomfunga sanda.

Walipofungua mlango ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Burhani alisimama. Mzee wa Kimoroko aliingia peke yake, akaangalia, akatoka, akambusu Jamila kichwani.

*

Jumatano mchana, baada ya kisomo cha siku ya tatu, wanawake wale wanne walikuwa wamebaki nyumbani kwa Mauwa. Wanaume walikuwa wameondoka. Karimu alikuwa amelala hatimaye, chumba cha pili, na waliongea chini chini kwa ajili yake. Burhani alirudi na faili.

"Bureau imekaa," alisema akiwa bado amesimama. "Tumeona kazi mliyofanya. Franchement, imetugusa. Tumeamua kufungua section ya bibi za membres. Bureau itateua présidente. Kazi yenu itakuwa chakula, mapokezi, na kuosha. Majina nitayaandika mimi hapa, chini ya…"

"Burhani, umekula?" Jamila aliuliza.

"Bado."

"Kaa ule."

Akakaa, akala. Walimwacha amalize nusu ya sahani.

"Sasa nisikilize, mdogo wangu," alisema Jamila. "Tutaosha, na tutapika tukitaka. Lakini kuteuana tutateuana sisi, na karatasi tutaandika sisi."

"Statuts zinasema kila section iko chini ya secrétaire."

"Statuts mliziandika bila sisi. Hatukuwepo, hatuwalaumu. Sasa tupo."

"Burhani," alisema Naïma, "mimi naitwa nani?"

Mumewe alimwangalia kwa mashaka, akitafuta mtego. "Si Naïma?"

"Fungua pale. Iko Naïma mahali?"

Alifungua. Alitazama ule mstari wake mwenyewe kwa muda. Akachukua kalamu, akakata neno *madame*, akaandika jina juu yake, kwa herufi ndogo maana nafasi ilikuwa finyu. Halafu akainua kichwa.

"Na wewe?" akamuuliza mama mwenye nyumba. "Unaitwa nani, samahani?"

"Mauwa."

Aliandika. Aliandika na ya wengine wawili. Alimaliza chakula chake, akashukuru, akaondoka akiwa na mengi ya kueleza kwa bureau.

Mlango ulipofungwa Euphrasie aliangua kicheko, akajikumbuka, akakizima kwenye kanga. Mauwa alichana karatasi katikati ya daftari la Imani.

"Tuanze na nini? Namba?"

"Namba tunazo," alisema Jamila. "Tuandike kila mtu anataka nini. Maman Rukiya alibahatika, alisema mapema. Mimi nataka Mauwa awe upande wa kichwa. Na maji yawe ya vuguvugu. Najua maiti hahisi. Yawe ya vuguvugu."

Mauwa aliandika.

"Mimi," alisema Euphrasie, "munivalishe robe yangu ya bleu, muniimbie, na mutu asinipake poudre mweupe mpaka Yesu asinitambue."

"Mimi sifi," alisema Naïma. Wakacheka. Akachezea ncha ya kanga. "Lakini nikifa, anisuke mtu anayejua kusuka. Si Euphrasie."

"Tazama huyu mutoto!"

"Na wewe, Mauwa?"

Kalamu ilisimama. Kwa miaka tisa alikuwa na jibu lake na hakuwa amemwambia mtu, hata Karimu. Lilikuwa jibu la nyumbani: uani kwao, asubuhi, maji ya bomba la uani, dada zake wawili wamekunja mikono ya magauni, na wanawake wanaingia bila kubisha hodi. Kila alipotoka ofisi ya pili alfajiri, mikono ikinuka dawa ya sakafu, alilipitia jibu hilo kidogo, kama mtu anayekagua kama mlango umefungwa. Kulisema hapa, juu ya karatasi ya mistari ya shule, katika chumba cha Saint-Gilles, kulikuwa ni kukubali kitu.

"Unaweza kuacha wazi," Jamila alimwambia kwa upole. "Hakuna haraka."

"Hapana."

Aliandika jina lake. Mbele yake akaandika majina ya dada zake, moja, na la pili, herufi kwa herufi. Aliyaangalia kwa muda. Kisha chini yake akaandika: Jamila. Naïma. Euphrasie kwenye maji.

Naïma alisoma juu ya bega lake. "Mbona hujafuta haya ya juu?"

"Siyafuti. Hayo ni kama nitafika kwetu."

Jamila akajivutia karatasi, akavaa miwani, akaitafuta nafasi iliyokuwa juu ya jina la Mauwa kwenye mstari wake yeye Jamila. Akaandika pale, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema, jina la mwanamke mmoja wa kwao, na lingine.

Euphrasie akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo bic," alisema. "Na mimi niko na dada Uvira."